Tovuti na Isnadi: Yanayofaa Kusomwa na Kusikilizwa Mtandaoni

 

Yapo maswali ambayo wasomaji wetu wa Rusimbi, Kitongoni, Mwanga na Ujiji hutuletea kila mara: tohara, mirathi, talaka, mwezi mwandamo. Siku hizi limeongezeka swali ambalo halina mlango wake katika vitabu vya fiqhi. Mtu anasema: nina simu, nina bando la kuhesabu, nataka kujifunza dini yangu na tarehe ya watu wangu. Nifungue tovuti ipi? Nisikilize nini?

Ni wepesi kujibu kwa orodha ya majina. Orodha za namna hiyo zinarushwa kutoka simu hadi simu, na ndani yake chema na kibovu vimo katika kapu moja, kama dagaa walioanikwa mchangani. Anayenunua dagaa pale Kibirizi anajua kuwapepeta kabla ya kuwatia chunguni. Anayepakua kitabu au mawaidha mara nyingi hapepeti kitu. Kwa hiyo katika makala hii tumechagua tovuti chache tunazozipenda na tunazozitumia, na kila moja tutaeleza kwa nini tunaipenda na wapi inatutia shaka.

Kipimo chetu si kigeni. Maulamaa wetu walikwisha kutuachia. Imam Muslim (r.a.) hakuanza Sahihi yake kwa hadithi za imani wala za tohara, alitanguliza utangulizi mrefu juu ya isnadi, nani apokelewe na nani akataliwe. Na aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Tovuti ni mpokezi kama wapokezi wengine. Huenda ikawa mkweli mwenye hifadhi nzuri, huenda ikawa mkweli mwenye kusahau, na huenda ikawa majhuli, hajulikani baba wala mji. Basi tunaiuliza yale yale: nani anasema, amenukuu kutoka nakala gani, na je, nakala hiyo sisi wenyewe tunaweza kuirejea?

Watu wa Ujiji wanapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Elimu iliufikia mji huu kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, vitabu vikiwa katika mizigo ya wapagazi. Tarika ya Qadiriyya iliyoenea kutoka Tabora ilifika Ujiji kisha ikavuka ziwa kuingia Kongo. Mwalimu aliyefika hakuja na kitabu tu. Alikuja na jina la mwalimu wake, na jina la mwalimu wa mwalimu wake. Leo sauti inaingia Rusimbi bila mpagazi na bila jina.

VITABU VYA KIARABU

Tuanze na maktaba ambayo karibu kila mwanafunzi wa kiarabu anaifahamu: Al-Maktaba al-Shamila. Ni programu ya bure yenye maelfu ya vitabu vya tafsiri, hadithi, fiqhi, lugha na tarehe. Ikishawekwa katika kompyuta haihitaji tena mtandao, na hilo peke yake linatosha kuipendekeza kwa mji ambao bando huisha kabla ya kiu ya elimu. Mwanafunzi mmoja akiwa nayo, wenzake kumi wanaweza kunakili kwa flashi. Minhaj ya Imam Nawawi imo, Tuhfa ya Ibn Hajar al-Haytami imo, Nihaya ya Ramli imo, Mughni ya Khatib Shirbini imo. Kuna masheikh wakubwa wa zamani ambao waliishi na kufa bila ya kuviona vitabu hivi vinne katika chumba kimoja.

Wengi huipenda Shamila kwa wingi wa vitabu. Sisi tunaipenda zaidi kwa kitu ambacho wengi hawakitazami, nacho ni kadi ya kitabu. Kila kitabu kina kadi inayotaja mwandishi, mhakiki, mchapishaji na chapa, kisha inasema kama namba za kurasa zinaafikiana na kitabu kilichopigwa chapa au la. Hiyo ndiyo isnadi ya kitabu. Kadi ikisema kurasa zinaafikiana, unaweza kunukuu juzuu na ukurasa, na mtu wa Tanga au wa Lamu akafungua kitabu chake cha karatasi akakukuta hapo hapo. Kadi ikisema haziafikiani, ukanukuu hivyo hivyo, umemwelekeza ndugu yako kwenye nyumba isiyokuwapo. Tumeona makala, na hata hotuba zilizoandikwa, zenye kurasa za namna hii. Mwandishi anaonekana ametalii vitabu ishirini, na ukweli ni kwamba hajagusa hata kimoja.

Lakini aibu ya kurasa ni ndogo. Hatari iko katika kisanduku cha kutafutia.

Mtu huandika neno, na kwa kufumba na kufumbua anapata mistari mia mbili kutoka vitabu hamsini. Kijana wa hapa hapa Rusimbi alitufikia na mstari wa Minhaj aliokuwa ameuhifadhi katika simu yake, akisema: tazameni, Imam Nawawi anasema kinyume na mnavyotufundisha. Mstari ulikuwa wa Nawawi kweli. Ila ulianza kwa neno "qila". Na Imam Nawawi katika dibaji ya kitabu hicho hicho ameeleza istilahi zake moja moja: akisema "al-adh-har" anakusudia jambo gani, akisema "al-asahh" anakusudia jambo gani, na akisema "qila" basi hiyo ni kauli dhaifu ya wafuasi wa madhehebu, na iliyo sahihi ni kinyume chake. Kijana alikuwa amechukua kauli iliyotajwa ili iachwe, akaishika kuwa ndiyo hukumu. Kompyuta haikusema uongo. Ilimletea mstari aliouomba, na dibaji ikabaki nyuma kwa sababu hakuna aliyeiomba.

Wanazuoni wa kale walikuwa na jina la mtu anayechukua elimu kutoka kurasa bila mwalimu. Walimwita suhufi, na halikuwa jina la sifa. Kwa hakika anayeanza na Safinatun Najah au Risalatul Jamia mbele ya mwalimu wa chuo, hata kama ni chuo cha mabati na mkeka mmoja, atafaidika na Shamila baadaye. Anayeanza na Shamila, Safina itamkuta amekwisha kuchelewa. Si kwamba maktaba ni mbaya. Ni bahari, na watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa kuwa maji mengi yanataka mtumbwi.

TOVUTI ZA FATWA

Hapa hatutakaa sana. Tovuti za fatwa ni nyingi, na nyingine nyuma yake zina taasisi zinazojulikana, kama Darul Iftaa ya Misri ambayo ilianzishwa mwaka 1895. Tatizo letu si kuwa majibu yake ni ya uongo. Tatizo ni kwamba muulizaji wa Cairo, Riyadh au Doha ana ada yake na madhehebu ya mji wake, na jibu lake linaposomwa na mtu wa Buzebazeba linakuja bila ya nguo hizo.

Mfano ulio karibu ni qunuti ya Alfajiri. Kwa Imam Shafii ni sunna katika zile ziitwazo ab'adh, mwenye kuiacha hulipa kwa sijda ya kusahau. Kwa Imam Malik nayo inapendekezwa. Kwa Abu Hanifa na Ahmad hakuna qunuti ya kudumu katika Alfajiri. Khitilafu hii ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na Maimamu wote wanne walikuwa na dalili zao. Sasa kijana anasoma jibu moja la mistari sita, lililoandikwa kwa msimamo wa upande mmoja bila ya kuutaja upande huo, kisha anakwenda msikitini kumwambia mzee aliyemfundisha alifu na bee kuwa swala yake ina bid'a. Miskiti imegawanyika kwa mambo madogo kuliko hili.

Kwa hiyo tunazithamini tovuti zinazojitaja. Al-Islam.org, ambayo ni Mradi wa Maktaba ya Kidijitali ya Ahlul Bayt, haimfichi msomaji kuwa inasema kwa madhehebu ya Shia Ithnaasheri, na ina vitabu vya Kiswahili vingi, kadhaa vikiwa vimechapwa Dar es Salaam na Al-Itrah Foundation. IslamHouse nayo ina sehemu ya Kiswahili, na huandika jina la mtunzi na la aliyepitia maandishi. Msomaji anaweza kuafikiana nazo au asiafikiane, lakini anajua anazungumza na nani. Ile inayosema tu "Uislamu unasema" bila jina la mwanachuoni, bila madhehebu na bila kitabu, kwetu sisi ni majhuli, hata ikiwa imepambwa kwa picha ya Al-Kaaba.

Kwa upande wa Qur'ani Tukufu mambo ni mepesi zaidi. Tanzil, mradi ulioanza mwaka 2007, ulikusudia jambo moja tu: kutoa maandishi ya Msahafu yaliyohakikiwa herufi kwa herufi kwa kulinganishwa na Msahafu wa Madina, ili makosa ya uchapaji yaliyokuwa yakinakiliwa kutoka tovuti moja hadi nyingine yakome. Humo imo pia tarjuma ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Anayetaka kulinganisha aiweke pembeni ya Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, na aichukue ile ya karatasi yenye maelezo yake chini ya kurasa, kwani maelezo yale ni nusu ya kazi ya Sheikh.

JE, NI WAQFU?

Ipo maktaba nyingine ya Kiarabu inayopendwa sana, Al-Maktaba al-Waqfiyya, ambayo hutoa picha za vitabu vilivyochapwa, ukurasa kwa ukurasa. Kwa kipimo cha isnadi hii ni bora kuliko Shamila, maana unaona kitabu chenyewe, jalada, mhakiki na tanbihi zake, na hakuna mpiga taipu aliyesimama kati yako na chapa.

Ila jina lake linatulazimisha kuuliza swali la kifiqhi. Waqfu una nguzo na masharti, na katika madhehebu ya Shafii kinachowakifiwa sharti kiwe ni mali ya anayewakifu. Hakuna anayeweza kuwakifu shamba la jirani. Kitabu cha Imam Nawawi hakina mwenyewe wa kukidai leo. Lakini mhakiki aliyekaa miaka mitano akilinganisha nakala za mkono, na mchapishaji aliyelipa gharama, je, kazi yao ni mali au si mali? Majmau ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, ilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi, ugunduzi na jina la biashara ni haki zinazohifadhiwa kisheria, zina thamani ya mali, wenyewe wana haki ya kuzitumia, na haijuzu kuzivamia. Kwa azimio hilo, si kila kilichoko mtandaoni kikiwa na jina la waqfu kimekuwa waqfu.

Hatusemi kuwa mwanafunzi maskini wa Rusimbi ambaye kitabu hakiuzwi katika mkoa wake mzima ni mwizi. Wapo wanazuoni wanaotofautisha kati ya anayenakili kwa ajili ya kusoma mwenyewe na anayenakili kwa ajili ya kuuza, na wapo wasiotofautisha. Tunachosema ni kwamba aliyepakua kitabu kwa ajili ya darsa asikichape na kukiuza kwa mafungu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, kama tulivyowahi kuona, kisha akasema ni sadaka inayoendelea. Sadaka ya nani?

TAREHE YA UJIJI IKO WAPI?

Sasa tufikie tarehe, na hapa ndipo tutakapokaa.

Andika neno Ujiji katika mtandao. Utaletewa mwembe, mnara, na Wazungu wawili waliovuana kofia mwezi Novemba 1871. Mji uliokuwa na maulamaa, majumba, soko, na watu kutoka pande zote za ziwa unageuka kuwa mahali ambapo mtu mmoja alimkuta mwenzake. Tumelalamika sana juu ya jambo hili, na malalamiko yetu ni ya haki. Lakini kulalamika si utafiti. Tovuti ambayo imetufundisha zaidi juu ya Ujiji na ng'ambo yake ni ya huyo huyo Livingstone: Livingstone Online.

Msomaji asishangae. Tovuti hii imekusanya barua na daftari za Livingstone, picha za kurasa pamoja na maandishi yake yaliyonakiliwa, na yote ni bure. Lulu yake ni daftari la mwaka 1871. Mwaka ule Livingstone alikuwa Manyema, upande wa pili wa ziwa, karatasi zimemwishia na wino umemwishia. Akawa anaandika juu ya gazeti la zamani la Kiingereza, akikatisha mistari juu ya maandishi ya gazeti, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za kienyeji. Baada ya miaka mia moja na zaidi wino ule ulikuwa umefifia hata hausomeki. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa macho, hadi wino wa mbegu ukatengana na wino wa gazeti. Mwaka 2011 wakaliweka daftari lote mtandaoni.

Kwa nini tunalisifu katika jarida la fiqhi na tarehe? Kwa sababu linaonesha isnadi ya habari iliyojengewa mambo makubwa. Tarehe 15 Julai 1871, sawa na mwaka 1288 Hijria, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, watu wa msafara wa Dugumbe waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza na kununua. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama mtoni. Livingstone alikuwapo, akaandika katika daftari la gazeti. Baadaye, alipokuwa amesharudi Ujiji na kupata karatasi, akaihamishia habari ile katika kitabu chake kikubwa cha safari, ambacho Stanley alikichukua kwenda nacho Uingereza mwaka 1872. Livingstone akafariki mwaka 1873. Mwaka 1874 rafiki yake Horace Waller akahariri na kuchapa, na hicho cha Waller ndicho ambacho dunia ilikisoma kwa zaidi ya karne nzima.

Basi tuna tabaka tatu: daftari, kitabu cha safari, na chapa ya Waller. Mtu wa hadithi angeuliza mara moja: je, matini ni moja? Si moja. Watafiti walipolinganisha waligundua kuwa katika daftari mwenendo wa wafuasi wa Livingstone mwenyewe, wale aliotumiwa kutoka Zanzibar, unaonekana kwa sura mbaya zaidi kuliko unavyoonekana katika maandishi ya baadaye, na Wisnicki akadokeza kuwa huenda baadhi yao hawakuwa mbali na damu ya siku ile. Mpokezi alipunguza alipokuwa akinakili, na mhariri naye akapunguza. Tovuti inakuwekea tabaka hizo uzitazame mwenyewe. Sisi ambao tunajivunia elimu ya jarhi na taadili tunapaswa kuitambua kazi hii kuwa ni ya ukoo wetu, japokuwa walioifanya si watu wa dini yetu.

Hapo hapo tusijidanganye. Wako ndugu zetu wanaosoma habari kama hii na kufurahi tu kwamba Mzungu amekutwa na dosari. Hiyo ni nusu ya habari. Waliopiga risasi Nyangwe walikuwa watu wa misafara iliyokuwa ikipita Ujiji, na waliotumbukia mtoni walikuwa watu wa Manyema. Na katika Ujiji, na katika mitaa yetu hii, wengi wetu tunajiita Wamanyema. Wazee wetu walivuka ziwa, wengine kwa hiari na biashara, wengine wakiwa wamefungwa, kisha wakasilimu na kujenga miskiti tunayosalia. Kwa hivyo daftari lile, pamoja na kuandikwa na mmisionari, ni ukurasa wa nasaba zetu. Kijana wa Rusimbi anayetaka kujua kwa nini bibi wa bibi yake alitoka Kasongo atapata humo zaidi ya atakavyopata katika hotuba inayomwambia kuwa biashara ya utumwa ni uzushi wa wakoloni.

Na katika maandishi hayo hayo ya Livingstone kuna upande mwingine. Alipofika Ujiji kwa mara ya kwanza, mwezi Machi 1869, alikuwa mgonjwa wa kufa, na aliyekuwa amembeba katika msafara wake na kumtibu ni mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad bin Gharib. Mtu huyu hana mnara.

Baada ya hapo tunapendekeza Internet Archive, hazina kubwa iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996. Humo utakipata kitabu cha Burton cha mwaka 1860, cha Stanley cha mwaka 1872, na cha Edward Hore wa misheni ya London aliyeishi kando ya ziwa hili miaka mingi, kilichotoka mwaka 1892. Hore ndiye wa kusomwa polepole, kwani alikaa, hakupita. Alimjua Mwinyi Kheri, mkubwa wa Ujiji, ambaye mwaka 1881 alipandisha bendera ya Sayyid Barghash. Soma vitabu hivi kama unavyomsikiliza shahidi mwenye chuki na mshitakiwa: ushahidi wake unapimwa, haukubaliwi wala haukataliwi wote kwa jumla.

Na usikomee kwa Wazungu. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapa mwaka 1902 na 1903. Carl Velten naye alichapa mwaka 1901 Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wenyeji wa pwani, akiwamo Sleman bin Mwenye Chande aliyekwenda bara. Ni Kiswahili cha zamani, lakini ni sauti ya Waislamu wa wakati ule bila mkalimani. Tunasikitika kuona wanafunzi wetu wanamjua Stanley kwa kichwa na Sleman hawajamsikia.

YA KUSIKILIZWA

Podikasti ni darsa iliyorekodiwa, ukaisikiliza ukiwa unashona, unaendesha bajaji au unasubiri boti. Ya kwanza kwa watu wa huku ni The Indian Ocean World Podcast, inayotolewa na kituo cha utafiti wa Bahari ya Hindi cha Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Mmoja wa waendeshaji wake, Philip Gooding, mwaka 2022 alitoa kitabu kizima juu ya Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1830 na 1890, akilitazama ziwa letu kama ukingo wa ulimwengu wa Bahari ya Hindi, wala si kama kitovu cha giza. Ya pili ni Ottoman History Podcast, iliyoanza mwaka 2011, ambayo inagusa mahakama za makadhi, waqfu, hijja na maradhi ya miji ya Kiislamu. Ya tatu ni ya Peter Adamson juu ya tarehe ya falsafa, iliyoanza mwaka 2010, ambayo ina mfululizo mrefu juu ya wanafalsafa na wanakalamu wa Kiislamu. Msikilizaji wa kawaida anaweza kuiruka, mwanafunzi wa ilmul kalam asiiruke.

Zote tatu ni za Kiingereza, na hiyo ni dosari kubwa kwa wasikilizaji wetu wengi. Lakini tazama adabu yake. Kila kipindi kina jina la mgeni, kazi yake, na tarehe ya kutolewa. Mgeni hutaja alikosoma habari yake, na asiyekubali ana pa kwenda kuhakikisha.

Kisha tazama mawaidha ya Kiswahili yanayozunguka katika simu zetu. Tuna masheikh wenye elimu nzito, wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki na sauti zao ndizo zilizobaki. Sauti hizo zimekatwa vipande vya dakika mbili, hazina mwanzo wala mwisho, hazina jina la msikiti, mwaka, wala kitabu kilichokuwa kikisomeshwa. Mara nyingine kipande cha mas'ala kimekatwa pale sheikh aliposema "watu husema", na jibu lake limeachwa. Ni "qila" ile ile ya Minhaj, safari hii kwa sauti ya mtu tunayemheshimu. Anayefanya hivyo pengine anadhani anaeneza elimu. Kwa kipimo cha wanahadithi, amekata isnadi na amekata matini.

YALIYOMO KATIKA MASANDUKU

Jambo la mwisho ni la hifadhi. Waqfu hutakiwa udumu, na mtandao hauna ahadi hiyo. Mwezi Oktoba 2023 maktaba kuu ya Uingereza, British Library, ilivamiwa na wahalifu wa kompyuta, na makusanyo yake mengi yakatoweka mtandaoni kwa miezi mingi. Mwezi Oktoba 2024 Internet Archive nayo ikavamiwa na kufungwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ulichokipenda kihifadhi, na uhifadhi pamoja nacho kadi yake.

Tunaitaja British Library kwa sababu nyingine. Kupitia mpango wake wa kumbukumbu zilizo hatarini, nakala za mkono za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule wa Habib Saleh, zilipigwa picha na kuorodheshwa. Vitabu vilibaki Lamu, vilichotoka ni vivuli vyake. Kwa Ujiji hatujakuta mkusanyiko kama huo. Wakati huo huo tunajua kuwa katika nyumba za Ujiji, Kitongoni na hapa Rusimbi yamo masanduku yenye ijaza, maulidi yaliyonakiliwa kwa mkono, barua za mirathi na hati za ndoa, na kila masika mchwa na unyevu huchukua fungu lao.

Tulipolizungumza jambo hili na baadhi ya wasimamizi wa miskiti, pingamizi lao lilikuwa la kifiqhi, na tunaliheshimu: vitabu vingi vimeandikwa katika ukurasa wa kwanza kuwa ni waqfu na visitoke msikitini, na sharti la mwenye kuwakifu hufuatwa kama inavyofuatwa nassi. Ni kweli. Lakini sharti limezuia kitabu kutoka, halikuzuia kisomwe wala kinakiliwe, na kunakili vitabu vya waqfu ndani ya msikiti ni ada ya wanafunzi tangu zama za karatasi na kalamu ya mwanzi. Kwa maoni yetu picha ya simu iko katika hukumu hiyo hiyo, kwa idhini ya msimamizi: kitabu kinafunguliwa juu ya mkeka baada ya Alasiri, mwanga wa dirishani unatosha, jina la mwandishi, la mnakili, la mwenye kuwakifu na mwaka vinaandikwa katika karatasi na karatasi inapigwa picha pamoja na ukurasa wa kwanza, kisha kitabu kinarudishwa kabatini kabla ya adhana ya Magharibi.